Gari la Jumamosi

Chumba cha kuokea keki, nyuma ya nyumba
Tarehe 2 Machi

Dada Mwenye Mapazia,

Usishtuke kwa mwandiko usioujua. Mimi ndiye yule unayemwita "kitoto cha keki" mbele ya wateja wako. Habari zinafika, Dada. Mji wako na wangu inatenganishwa na safari ya basi moja, na abiria wana midomo. Salamu zangu hazina sukari wala sumu: natumaini u mzima na cherehani zinazunguka.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tungetukanana kabla salamu hazijaisha. Nakuomba nawe unijibu kwa karatasi, uiache kaunta ya vifurushi pale stendi, iandikwe Duka la Keki. Mume wangu Vumbi asijue. Kule kwenye mashine ya kusaga kokoto wanamwita hivyo, na mimi nimelizoea jina hilo. Wewe sijui ulikuwa unamwitaje, wala sitaki kujua.

Shida yangu ni gari. Nimeliona mtandaoni lile gari lenu la haibridi, la mafuta na umeme, la rangi ya fedha, na karatasi kwenye kioo: LINAUZWA. Nalitaka. Lakini mimi si mtu wa kununua kitu kwa kuangalia rangi. Niambie linakunywa mafuta kiasi gani. Ile betri kubwa ina hali gani, na ikifa mtu anauza nini ili anunue nyingine? Bima je? Spea zinapatikana, au unaagiza na kusubiri mpaka unaota mvi?

Halafu matunzo. Hapo ndipo nataka jibu refu. Tangu Vumbi anioe, kila Jumamosi anapanda basi asubuhi kuja kwako kusafisha feni ya betri ya gari hilo, na anarudi jua limezama. Najua wazee walipowaachanisha walisema gari libaki kwako na yeye alitunze. Siwapingi wazee. Ila ni feni gani hiyo, Dada, isiyotakata?

Nikilinunua, feni itakuwa yangu na Jumamosi zitakuwa zangu. Nakuambia wazi ili usije ukasema nilikuzunguka.

Mimi katika biashara,
Bi Keki

*

Duka la mapazia, ghorofa ya kwanza
Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu Bi Keki,

Barua yako niliisoma nina pini mdomoni, nikacheka nusura nizimeze. Eti "nalitaka"! Kimoja changu ulishakichukua bila kuuliza bei. Hiki cha pili ndiyo unataka na maelezo ya matumizi?

Haya, kaa kitako nikuhesabie. Betri kubwa ina umri, na ikifa bei yake inakaribia nusu ya gari lenyewe. Tena dalili nimeshaanza kuziona, ile taa nyekundu inanikonyeza. Spea hakuna. Kioo cha pembeni tu nilikisubiri miezi. Fundi anayeelewa haibridi mji mzima ni mmoja, na ana maringo kama bibi harusi. Watu wa bima wakisikia neno haibridi wanaongeza wanavyotaka. Matairi yake si haya ya kuokota popote. Na feni, mpenzi, feni inataka mkono wa mtu kila wiki, maana vitambaa vyangu vinatoa nyuzi, nyuzi zinavutwa kwenye tundu lile pembeni ya kiti cha nyuma, na feni ikiziba betri inachemka. Sasa wewe na unga wako wa ngano utaweza? Rahisi ghali, wahenga hawakukosea. Nunua baiskeli yenye kikapu.

Kuhusu Jumamosi umeuliza kwa kuzunguka, nami nitakujibu kwa kuzunguka. Kwangu mgeni akija chai inapikwa. Viti vipo vya mito. Mapazia nafunga jua lisimpige usoni. Anapumzika. Kwani akirudi kwako unamwona amechoka?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata huko kuvua viatu vyake mlangoni ni mimi niliyemfundisha.

Mwenye Mapazia

*

Chumba cha keki
Tarehe 15 Machi

Dada,

Chai! Na mito! Nimesoma barua yako nikaunguza keki mbili za mteja.

Kwanza tusafishe jambo moja. Mimi sikukuibia mtu. Nilimkuta ameshaachwa, amepanga chumba kimoja, ana godoro na sufuria moja anayopikia na kuogea. Alikuwa anakuja dirishani kwangu kununua kipande cha keki, mweupe kwa vumbi la kokoto mpaka kope. Siku moja nikampa kitambaa cha maji ajifute, nikauona uso. Basi. Ulichotupa wewe mimi nimeokota, na aliyetupa hana haki ya kurudi jalalani kuuliza.

Pili, gharama. Usidhani unaongea na mjinga. Nimeuliza watu wanaoyaendesha. Breki za haibridi zinadumu kuliko za gari la kawaida kwa sababu gari linajipunguza mwendo lenyewe likirudisha umeme kwenye betri. Mjini, kwenye foleni, linakunywa kidogo sana, na mimi keki zangu zote ni za mjini. Bima nimepiga simu: bei ile ile. Kwa hiyo hilo la bima umenidanganya, na wewe ni mtu mzima.

Tatu. Mume wangu Jumamosi anarudi ananukia limau. Shati, shingo, mpaka nywele. Na anarudi uso umekunjuka, kama mtu aliyelala usingizi mtamu. Nyumbani kwangu halali hivyo. Nyumbani kwangu anajigeuza usiku kucha, nikimsemesha ananijibu "eeh" kabla sijamaliza swali. Nampikia, namsimulia mambo ya siku nzima, napiga stori mpaka mate yananikauka. "Eeh." Halafu Jumamosi anapata wa kumpumzisha!

Roho inaniuma, Dada. Sitakuficha. Wivu ni kidonda, nami nimeshaanza kukonda, hata wateja wameona. Taja bei.

Bi Keki

*

Duka la mapazia
Tarehe 20 Machi

Bi Keki,

Limau! Pua yako ni nzuri. Hiyo pua ungeitumia kwenye biashara yako usingeunguza keki.

Bei sitaji. Kama unataka kujua Jumamosi kuna nini, una mume ndani ya nyumba, muulize. Au kwako haongei? Pole sana. Kwangu alikuwa anaongea.

Mwenye Mapazia

*

Chumba cha keki
Tarehe 6 Aprili

Wewe mwanamke,

"Dada" nimeiweka pembeni kwa leo.

Nimempata fundi wa haibridi, yupo hapa hapa mjini kwetu, mama mmoja mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta, ana kompyuta ya kupimia na maneno machache. Nikamweleza gari lako na vitambaa vyako. Nikamuuliza, feni ya betri inasafishwa kila baada ya muda gani? Akasema mara mbili kwa mwaka. Mara tatu kama mwenyewe anabeba vitu vyenye nyuzi au unga. Nikamwambia kuna mtu anaisafisha kila wiki. Akanitazama, akafuta mikono, akasema: "Mama, anayesafisha feni kila wiki ana jambo lake."

Mbele ya vijana wake wa gereji! Nilitoka pale sioni njia.

Nikamngoja Vumbi. Alipoingia sikumpa hata nafasi ya kukaa. Nikamuuliza, Jumamosi unakwenda kufanya nini? Akasema, natunza gari. Nikamwambia feni ni mara mbili kwa mwaka. Akasema, natunza gari. Nikapandisha sauti, nikapiga meza, nikasema yote niliyokuwa nayo tumboni tangu harusi. Natunza gari. Kama redio iliyoharibika!

Jumamosi iliyofuata nilifunga mlango wa mbele, ufunguo nikautia kifuani. Nilitaka agombane, Mungu anajua. Ningefurahi angenitukana. Hakugombana. Alikaa kwenye kochi na nguo zake za safari, mikono magotini, macho kwenye mlango kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Saa zikapita. Mwishowe nikaufungua mwenyewe kwa aibu, naye akatoka mbio kuwahi basi.

Alikuja kwako. Sasa niambie mnafanya nini. Sitaki vijembe wala chai na mito. Kama unamtaka, sema unamtaka, nijue napigana na nani. Nina akiba ya kununulia jiko kubwa la kuokea. Nitaitoa yote kwa hilo gari, ili mradi asiwe na sababu ya kukanyaga kwako. Ndoa yangu ina mwaka mmoja na kidogo, nami sitaki iishie stendi ya basi.

Mimi

*

Duka la mapazia
Tarehe 12 Aprili

Mdogo wangu,

Siku hiyo uliyomfungia alifika karibu na jioni, anakimbia. Sasa nimejua kwa nini.

Ningekuwa na la kukuumiza ningekuandikia kwa furaha, tena kwa wino mwekundu. Sina. Haji kwangu. Anaingia kwa geti la nyuma, anachukua ufunguo kwenye msumari chini ya ngazi. Nikiwa nimesimama pale ananiambia "habari", na nikimwambia jambo lolote, liwe refu au fupi, ananiambia "nzuri". Anafungua mlango wa nyuma wa gari, anapitisha brashi kwenye lile tundu la feni, na siku nyingine hata brashi haigusi. Halafu anakaa kiti cha dereva, anapandisha vioo vyote, anawasha kipoza hewa, analaza kiti. Lile gari likiwashwa halilii, unalijua. Anafumba macho. Injini ikijiwasha kidogo kuipa betri nguvu, anafumbua. Ikizima, anafumba tena. Mpaka jioni. Kilomita hazisogei hata moja, ila tanki linashuka, naye kabla ya kuondoka anaacha hela ya mafuta juu ya dashibodi. Hiyo limau ni kikopo cha manukato kinachoning'inia kwenye kioo. Mimi sijipaki limau.

Chai napika kweli. Kila Jumamosi. Gauni napiga pasi Ijumaa. Nasimama dirishani huku juu nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe, namtazama amelala kwenye lile gari kama mtoto mgongoni, na chai inapoa, halafu naimwaga kwenye sinki. Nawe ulikuwa unanionea wivu! Niliposoma barua yako ya kwanza nilijisikia mrembo siku tatu. Ndiyo maana sikukanusha. Nilitaka angalau mtu mmoja duniani adhani kwamba anakuja kwangu.

Tangazo la kuuza nililibandika ili apande ngazi aniulize kwa nini. Alilisoma. Akalizunguka gari mara mbili, akalipapasa bodi. Akaingia akakaa.

Unajua ni aibu gani kulionea wivu gari? Mwanamke mwenzako unaweza kumsema, unaweza kumtukana sokoni. Gari utalifanya nini? Juzi nilishuka na mkasi wangu wa kukatia vitambaa, nikasimama mbele ya matairi. Nikarudi juu. Siku nyingine sitarudi, kwa hiyo lichukue kabla sijajitia hasara.

Na nisikuuzie uongo. Yale niliyokuambia ya betri, punguza nusu. Taa nyekundu haijawahi kuwaka, lakini umri upo kweli, kwa hiyo mpe huyo fundi mama aipime kabla hujalipa, kila kipande chake. Ikija kufa, si lazima ununue nzima, kuna mafundi wanaobadilisha vipande vilivyochoka. Kuna betri ndogo ya pili, ile ya kawaida, watu wanaisahau: gari likikaa wiki mbili bila kuwashwa inalala, nawe unabaki unapapasa milango. Kioo cha pembeni nilikisubiri kweli, hilo si uongo. Weka akiba kidogo kila mwezi ya spea na usiiguse hata ukiitwa na njaa. Na mifuko ya unga weka kwenye buti, usiweke kiti cha nyuma.

Bei nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ni ndogo kwa sababu nataka liondoke.

Mwenye Mapazia

*

Chumba cha keki
Tarehe 3 Mei

Dada,

Nimerudisha "Dada", naona inakufaa.

Gari limefika salama, kama kijana wako wa duka aliyelileta alivyokuambia. Fundi mama alilipima siku ileile, betri iko vizuri kwa umri wake, vipande viwili tu vimechoka kidogo na hata hivyo bado vinafanya kazi. Akanipa hesabu ya mwaka mzima, oili, matairi, maji ya kupozea ule umeme mkubwa, bima, na ya kuweka pembeni kwa ajili ya betri. Nikaiweka karibu na ninachotumia sasa kwa kukodi gari la kupelekea keki. Gari linashinda. Jiko kubwa litasubiri.

Najua unataka kujua Vumbi alisemaje. Alirudi kazini akalikuta uani. Akasimama. Akasema, "Umelileta." Nikasema, ndiyo, nimelileta, limekuwa langu, na feni nitasafisha mimi. Akatikisa kichwa, akaenda kuoga.

Na Jumamosi, Dada, hakutoka! Hakugusa hata viatu vya safari. Nilikuwa napaka keki ya harusi krimu huku naimba, jirani akaniuliza nimeshinda bahati nasibu nini. Nikamwambia nimeshinda kesi.

Sikukusudia kukucheka. Pole kwa dirisha lako.

Bi Keki

*

Duka la mapazia
Tarehe 10 Mei

Bi Keki,

Hongera. Nimefurahi betri ni nzima.

Swali moja tu, kisha nikuache uimbe. Hiyo Jumamosi ambayo hakutoka, alikuwa ndani ya nyumba, au alikuwa uani?

Mwenye Mapazia

*

Chumba cha keki
Tarehe 1 Juni

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako wiki tatu chini ya bati la keki. Kila nikiinua bati naiona.

Alikuwa uani. Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Ndani ya gari, vioo vimefungwa, kiti kimelazwa, hatua chache tu kutoka dirisha la jikoni kwangu. Kule kwako angalau alikuwa mbali, niliweza kusema ameibiwa. Hapa ameniona, nimemwona, na bado amechagua kiti cha gari. Nililia, Dada. Nilitoa akiba ya jiko nikamnunulia mume wangu mahali pa kunikimbilia, tena uani kwangu mwenyewe!

Nikaamua kuliuza. Kwa hasara, haidhuru. Nikapata mnunuzi, akasema atakuja Jumamosi mchana kulitazama. Sikumwambia Vumbi. Mnunuzi alipokaribia kufika nilitoka kwenda kuchukua kadi ya gari, ipo kwenye kile kisanduku mbele ya kiti cha abiria. Nilikuwa nimebeba maneno ya kujaza gunia. Nimefungua mlango, nimekaa niinamie kisanduku, mlango ukajirudishia nyuma yangu.

Sijui nikuambieje. Mle ndani hakuna kelele. Hata mashine yangu ya kupigia mayai, iliyokuwa inanguruma jikoni, sikuisikia. Kuna ule upepo wa kipoza hewa tu, na nyuma yake feni ya betri inavuma kidogo, ssss, basi. Maneno yangu yote yakaonekana makubwa mno kwa pale ndani. Nikanyamaza. Unanijua kwa barua tu, lakini waulize wateja wangu, mimi kunyamaza ni habari.

Hakufumbua macho. Tulikaa hivyo mpaka nikaanza kusinzia. Ndipo akasema, "Masikio yanalia."

Nikamwambia, nini? Akanigeukia, akanitazama mdomo. Akasema yanalia miaka mingi sasa, kama filimbi isiyo na mpulizaji, mchana na usiku, toka alipohamishiwa kwenye mashine ya kokoto. Akikaa penye kimya kabisa filimbi inazidi. Penye watu na redio anasikia sauti zote zimevurugika kama uji. Ni ule mvumo wa feni tu unaoifunika filimbi sawasawa. Magari mengine yanatetemeka, hili halitetemeki. Kwa hiyo wiki nzima anavumilia, anangoja Jumamosi.

Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema kule kazini kila mwaka wanapima masikio, naye amejifunza kumtazama mpimaji usoni ajue lini ainue mkono. Siku watakayogundua watamtoa. Akaniambia, "Nikikuambia wewe, utamwambia jirani." Na kweli, Dada, ningemwambia.

Zile "eeh" zote. Ile "natunza gari, natunza gari". Hakuwa amesikia hata nusu ya nilichokuwa namuuliza, alikuwa anakisia.

Mnunuzi alipiga honi getini. Vumbi hakuisikia. Nilitoka nikamwambia gari haliuzwi.

Sasa nakuuliza, na ninakuuliza vizuri: alikuwa hivi tangu kwako? Na una kinyongo nami? Kama unacho, sema, nimezoea kusikia ukweli wako.

Mdogo wako,
Bi Keki

*

Duka la mapazia
Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Ninacho.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nimefunga duka mapema, na bado sijui niikunje vipi. Umeuliza kama alikuwa hivi tangu kwangu. Mimi nilisema ana dharau. Nilikuwa namwita kutoka chumba cha cherehani, haitiki. Naongea, ananijibu kitu kingine. Akitoka kazini anabaki kwenye gari, haingii ndani, nami nikajua kwa hakika, kama ninavyojua kipimo cha dirisha, kwamba ana mwanamke kwenye simu. Nilikuwa nashuka ngazi nagonga kioo kwa pete yangu ya ndoa. Unaongea na nani humo? Na nani? Anashusha kioo, ananitazama mdomo, anasema, "Hakuna." Siku zote niligonga nikiwa nje. Nilimwambia hivyo mbele ya wazee, kwamba ana mwanamke kwenye gari, naye hakujitetea, wakasema kimya chake ni jibu. Wewe umeingia tu ukakaa. Hata hukukusudia, ulikuwa unatafuta kadi! Hapo ndipo wivu wangu ulipo, na sidhani kama utaisha leo wala kesho. Nakuonea wivu wa hicho kiti cha abiria.

Sasa sikiliza, na usimwambie jirani. Mpeleke kwa daktari wa masikio, wa mbali, asiyejuana na watu wa kokoto. Kuna kazi nyingine duniani, mimi mwenyewe hapa nahitaji mtu wa kufunga fimbo za mapazia, ila najua utakataa na ningekuwa wewe ningekataa. Mkifika kwa daktari kaa upande wake wa kulia. Sikio la kushoto ndilo lililotangulia kuharibika.

Utauliza nimejuaje, na mimi nimejua jana, nikiwa kitandani, nikiusoma tena ule mstari wa kutazama mdomo. Miaka yetu ya mwisho alikuwa analala ubavu wa kushoto, amenipa mgongo. Kila usiku. Nikimsemesha gizani, hageuki. Kuna usiku nilimsukuma kwa miguu miwili nikamwambia, kama umenichoka ondoka, na ndiyo ikawa. Lakini anayelala ubavu wa kushoto, mdogo wangu, sikio lake la kulia liko juu. Gizani hawezi kumtazama mtu mdomo. Kumbe alikuwa amenitegea mimi sikio lake zima.

Mwenye Mapazia